Marekani: Vitabu vya sensa na karatasi za jeshi vinarudishia familia za Kusini majina ya mababu

Mwaka wa 1938, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, alifariki mama mzee aliyeitwa Melvinia Shields. Kwenye cheti cha kifo kulikuwa nafasi ya kuandika majina ya wazazi wake. Jamaa aliyetoa habari alijibu kwamba hajui, na karani akaandika hivyo.

Mwaka wa 2009, gazeti la New York Times, kwa msaada wa mtafiti wa koo Megan Smolenyak, lilitangaza kwamba huyo Melvinia, aliyezaliwa mtumwa, ni bibi wa Michelle Obama, vizazi vitano nyuma kwa upande wa mama. Wosia wa mwaka 1850 wa mwenye shamba mmoja wa South Carolina ulimtaja kati ya mali ya kurithisha, pamoja na ng'ombe na vitambaa vya meza. Alikuwa na umri wa miaka sita hivi. Miaka miwili baadaye, mwenye shamba alipokufa, walimpangia bei ya dola 475, wakamtuma Georgia kwa binti wa marehemu.

Sensa ya 1870 inamuonyesha akiwa huru, akilima mashamba, pamoja na watoto wanne. Watatu kati yao karani aliwaandika kuwa metisi. Mmoja wa watoto wake, Dolphus, alikuwa baadaye seremala katika mji wa Birmingham, Alabama. Vipimo vya DNA vilivyotangazwa mwaka 2012 vilionyesha kwamba uzao wa Dolphus una damu moja na wazungu wa familia ya Shields, wale waliokuwa wenye shamba.

Familia ya raisi ilipata msaada wa gazeti kubwa. Lakini njia iliyofuatwa ni ileile ambayo familia nyingi za vijiji vya Mississippi, Alabama ao Carolina zinafuata kimyakimya, jioni baada ya kazi, mbele ya simu ao kompyuta.

Kurudi nyuma hatua kwa hatua

Kazi inaanza na wazee walio hai: majina, kanisa, makaburi, jina la shamba. Kiisha watu wanaingia katika sensa, ao hesabu ya wakaaji, ambayo Marekani inafanya kila miaka kumi tangu 1790. Majina yanafichwa kwa miaka 72. Ndiyo sababu sensa ya 1950 ilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022, na ile ya 1960 itafunguliwa mwaka 2032.

Kila kitabu kina faida yake. Sensa ya 1900 inaandika mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na inauliza kila mama alizaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Ile ya 1880 ilikuwa ya kwanza kusema kila mtu ana undugu gani na mkubwa wa nyumba. Katikati kuna shimo: karibu vitabu vyote vya 1890 vilipotea kwa sababu ya moto uliowaka Washington mwaka 1921.

Hatari ya kukosea ni kubwa. Karani aliandika jina namna alivyolisikia, na umri wa mtu unaweza kupanda miaka saba katika kipindi cha miaka kumi, ao kumi na tano. Mtafiti mwenye kuruka sensa moja kwa haraka anaweza kujikuta anafuata babu wa jirani.

Ukuta wa 1870

Kwa familia za weusi, mwaka wa 1870 ndio ukuta. Ni sensa ya kwanza iliyoandika majina ya watu wote waliotoka utumwani, karibu milioni nne. Kabla ya hapo, mwaka 1850 na 1860, serikali ilitengeneza orodha za pekee kwa ajili ya watumwa. Jina lililoandikwa ni la mwenye mali. Chini yake kuna mistari tu: mwanamke, miaka 30, mweusi, mtoto mwanaume, miaka 4, metisi. Wazungu wa kijiji hicho hicho, hata maskini, waliandikwa wote kwa majina tangu 1850.

Ili kupita ukuta huo, watafiti wanatazama majirani. Katika ukurasa wa 1870 wanatafuta mzungu mwenye mali anayeishi karibu na babu yao, kwa kuwa wengi waliopata uhuru hawakuenda mbali. Melvinia mwenyewe alikuwa akiishi karibu na mmoja wa watoto wa bwana wake wa zamani. Kiisha wanafungua orodha ya 1860 ya mzungu huyo na kulinganisha umri wa wale wasio na majina. Hiyo bado haitoshi. Uhakika unatafutwa katika wosia, karatasi za kugawa urithi na hati za kuuza watu. Kuna pia makaratasi ya ofisi ambayo serikali ilianzisha mwaka 1865 kwa kusaidia waliopata uhuru. Ofisi hiyo iliandika ndoa zao na mapatano yao ya kazi. Leo mengi ya makaratasi hayo yanasomwa bure kwenye intaneti.

Ushuhuda wa wajane

Mlango mwingine ni jeshi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 mpaka 1865, weusi karibu 179,000 walipigana katika jeshi la Kaskazini. Wengi wao walitoka katika majimbo ya utumwa. Louisiana, Kentucky na Tennessee ndiyo yaliyotoa hesabu kubwa zaidi. Karibu 40,000 walikufa, na wengi kati ya hao waliuawa na magonjwa. Karatasi ya kila askari inaandika umri wake, urefu, mahali pa kuzaliwa na kazi. Wakati fulani inataja pia jina la aliyekuwa bwana wake, kwa sababu mabwana wa majimbo yaliyobaki upande wa serikali waliruhusiwa kudai malipo.

Lakini hazina kubwa ni faili za pensheni. Mjane alipaswa kuonyesha kwamba alikuwa mke wa marehemu, lakini sheria za utumwa hazikutambua ndoa ya mtumwa, na cheti hakikuwapo. Tangu mwaka 1864 sheria ilimruhusu kuleta mashahidi. Ndipo wakaja majirani, askari wenzake marehemu na wakunga waliozalisha watoto wake. Walieleza ndoa ilifungwa kwenye shamba gani, nani aliwaunganisha, mtoto yupi aliuzwa na wapi. Karani aliandika, na shahidi asiyejua kusoma alitia msalaba. Katika faili hizo, waliokuwa mistari bila majina katika orodha ya 1860 wanasema wenyewe maisha yao.

Vita vya 1917 vilileta karatasi nyingine. Vijana walioandikishwa mwezi wa Juni mwaka huo walijaziwa kadi yenye agizo dogo chini, upande wa kushoto: kama mtu ana asili ya Afrika, kona hii ipasuliwe. Leo mjukuu anayeona kadi isiyo na kona anajua mara moja. Faili za jeshi za miaka iliyofuata, nyingi ziliteketea katika moto wa Saint Louis, Julai 1973.

Mpaka kwenye mto Kongo

Kwa wachache, njia inafika kwetu. Novemba 1858, miaka 50 baada ya Marekani kukataza kuingiza watumwa, chombo kiitwacho Wanderer kilishusha kwa siri watu karibu 400 kwenye kisiwa cha Jekyll, Georgia. Walipakiwa kwenye mdomo wa mto Kongo wakiwa karibu 490. Katika sensa, waliozaliwa ng'ambo waliandikiwa mahali pa kuzaliwa neno moja tu, Afrika. Kijiji hakitajwi, wala jina la mama.

Leo Wakongomani wanaishi tena Kusini mwa Marekani. Ni wakimbizi waliopokelewa Kentucky, Texas na kwingineko, wengi wakiwa watu wa Kivu. Waliokuwa huko mwaka 2020 walihesabiwa, na ukurasa wao utafunguliwa mwaka 2092. Wajukuu watakaousoma watakuta jina la baba na umri wake. Kijiji, ukoo na jina la bibi aliyebaki Fizi ao Masisi hawatavikuta humo. Na huku nyumbani sensa ya mwisho ilifanyika mwaka 1984, na nyumba nyingi zimechomwa pamoja na vyeti vilivyokuwa ndani. Majina hayo leo yako katika vichwa vya wazee, na daftari la shule linatosha kuyaandika.