Mcheza Kwao Hutunzwa: Kutoka Uwanja wa Bujora hadi Banda la Gemu

Barabara ya Mwanza kwenda Musoma ikishapita Nyakato na Igoma huingia Kisesa, mji mdogo wa wilaya ya Magu, ambako barabara nyingine huchepuka kwenda Usagara bila kugusa Mwanza mjini. Ukiiacha lami na kupanda kidogo kwenye mawe unafika Bujora, penye Makumbusho ya Wasukuma. Ukibaki chini barabarani, kati ya mama lishe na wakala wa pesa za simu, hukosi banda la gemu: luninga moja au mbili, pleisteshen ya zamani, benchi la mbao na vijana waliobanana.

Wazee wengi huona kule juu ni mila na huku chini ni uhuni. Mimi naona desturi moja imekaa sehemu mbili bila kujuana. Anayetaka kuelewa kwa nini kijana wa leo anahangaika kulifumua gemu la bunduki la mwaka 1993 ili alicheze na wenzake, na aanze na Bagika na Bagalu.

Masimulizi ya Wasukuma yanasema kwamba katikati ya karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walibishana nani kati yao ana dawa kali zaidi. Ubishi huo ukaishia kwenye ngoma. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu, na mpaka leo vikundi vingi vya mbina, yaani ngoma za Kisukuma, hujihesabu upande mmoja au mwingine. Mgeni hufundwa, hupewa dawa za upande wake, hufundishwa nyimbo, kisha husimama na wenzake uwanjani msimu wa ngoma ukifika, baada ya mavuno.

Kanuni ya mashindano ni rahisi, na ndani yake ndimo mlimo na utamu wote. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, kila moja na ngoma zake. Watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Upande uliovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Hakuna haja ya jaji mwenye karatasi: miguu ya watu imeshahukumu. Ndiyo maana kila kundi lina dawa inayoitwa samba, ya kuvuta umati, na ndiyo maana hakuna kundi linaloweza kurudi mwaka unaofuata na mambo yale yale. Lazima lije na jipya. Wapo waliokuja na chatu, wapo waliokuja na fisi hai, wapo waliochonga sanamu za mbao na kuzificha mpaka dakika ile umati unapoanza kusogea kwa jirani.

Tazama bugobogobo. Ngoma kubwa huanza, ndogo zikaifuata, na wachezaji huingia kwa mstari, jembe mkononi. Ni jembe la kweli, la chuma. Mchezaji hulirusha, likazunguka hewani juu ya kichwa chake, akalidaka mpini bila kupoteza mpigo, kisha akainama kama anayepasua ardhi. Wenzake wote wameinama naye. Akilidondosha, mstari mzima unayumba, na upande wa pili haukosi kuitumia nafasi hiyo.

Ngoma hiyo haikuanzia uwanjani, ilianzia shambani. Vijana wa Kisukuma walijiunga vikundi vya kulima kwa zamu au kwa malipo. Mwenye shamba akawaita, wapigaji wakasimama nyuma na ngoma, walimaji wakaenda kwa mstari mmoja, na malipo mara nyingi yalikuwa mnyama wa kuchinja na kula pamoja. Kazi ikazaa wimbo, wimbo ukazaa mchezo. Ngoma ya buyeye nayo imetokana na chama cha watega nyoka, na bununguli na cha wawindaji wa nungunungu, watu waliokuwa wakitambaa mashimoni kumfuata mnyama yule mwenye miiba. Leo uwindaji huo huchezwa mbele ya watu, na nungunungu si lazima awepo. Hatari ya kale imegeuzwa mchezo, na walioigeuza hawakumwomba radhi mtu yeyote.

Hata Bujora yenyewe imejengwa kwa mtindo huo. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alianza kazi ya utamaduni hapo miaka ya 1950. Aliona wenyeji wanaacha ngoma zao mlangoni kabla ya kuingia misani, naye akazikaribisha ndani. Kanisa likajengwa kwa umbo la nyumba ya Kisukuma, jengo la watemi likachukua umbo la kiti cha enzi, na sikukuu ya Ekaristi, inayoangukia karibu na Juni, ikaunganishwa na mashindano ya ngoma. Hiyo ndiyo Bulabo, na mpaka leo Bagika na Bagalu hukutana hapo. Wapo waliolalamika kwamba ibada imeharibiwa, na wapo waliolalamika kwamba ngoma imeharibiwa. Ibada ipo, na ngoma ipo.

Sasa tushuke bandani. Lina sheria zake, ingawa hazikuandikwa ukutani. Unalipia mechi. Mshindi anabaki, aliyefungwa anapisha. Mwenye zamu haporwi pedi hata akiwa mdogo kuliko wote, maana benchi lote litamtetea: "Kaka, mwache dogo acheze." Benchi hilo ndilo umati. Linashangilia, linazomea, linatoa ushauri usioombwa, na mchezaji hodari asiye na wa kumtazama huondoka mapema.

Mashine nyingi za mabanda ya nchi hii ni kuukuu. Pleisteshen ya pili ilitoka mwaka 2000, na kampuni ya Sony iliacha kuitengeneza mwaka 2013. Lakini mafundi wetu wameikataza kufa. Wanaifungua, wanaiwekea magemu kwa flashi, na gemu la mpira la miaka mingi iliyopita linaonekana na vikosi vya msimu huu. Kwenye simu ni hivyo hivyo. Gemu la kuendesha mabasi lililotengenezwa Indonesia limejazwa mabasi yenye rangi na majina ya makampuni ya Tanzania, kazi ya vijana wa hapa hapa. Mabadiliko hayo ndiyo wachezaji wanayoyaita modi: kazi ya mchezaji juu ya gemu la mtu mwingine.

Kati ya magemu yote, ya kulenga shabaha ndiyo yaliyoifanya modi iwe desturi ya dunia nzima. Desemba 1993 kampuni ya id Software ya Texas, Marekani, ilitoa gemu liitwalo Doom, askari mmoja dhidi ya mapepo. Watengenezaji waliweka ramani, picha na sauti katika faili la peke yake, mbali na programu inayoliendesha gemu, kwa hiyo mtu aliweza kuingiza ramani yake bila kuvunja chochote. Tena waliruhusu watu hadi 4, kila mmoja na kompyuta yake iliyounganishwa na nyingine, wapigane bega kwa bega. Mwaka 1997 wakautoa hadharani msimbo wa programu yenyewe. Tangu hapo gemu hilo halijazeeka, kwa sababu kila kizazi kinalipokea na kuliongezea.

Half-Life, gemu jingine la kulenga shabaha lililotoka mwaka 1998, lilisimulia hadithi ya kuchezwa na mtu mmoja. Mapema mwaka 1999 ikatokea modi iitwayo Sven Co-op, na hadithi ya mtu mmoja ikawa safari ya kundi: huyu anafungua mlango, yule analinda mgongo, wa tatu anamgawia risasi aliyeishiwa. Mwaka huo huo vijana wawili, Minh Le na Jess Cliffe, waliligeuza gemu hilo hilo kuwa pambano la vikosi viwili wakaliita Counter-Strike. Valve, kampuni iliyotengeneza Half-Life, haikuwashitaki, iliwaajiri. Msukuma aliyewahi kusimama Bulabo hahitaji kuelezwa: ndani ya kundi ni kusaidiana, nje ya kundi ni kushindana, na mambo hayo mawili hayapingani.

Siku hizi modi zimeingia kwenye miwani ya uhalisia pepe. Kundi la wapenzi liitwalo Team Beef limeyafanya magemu ya zamani kama Quake ya 1996 na Half-Life yaweze kuchezwa ndani ya miwani hiyo, na mwaka 2022 Half-Life 2 nayo ikapata modi yake. Zamani ulisogeza kipanya, na bunduki na macho vikaenda pamoja. Ndani ya miwani kichwa kinageuka kivyake na mkono unalenga kivyake. Ukitaka kujificha nyuma ya pipa, huna budi kuchuchumaa, na bunduki ikiisha risasi katika baadhi ya modi hizo, unashusha mkono hadi kiunoni ukatafute nyingine. Mwili uliokuwa umekaa benchi umerudi mchezoni. Na wengi wa watunzi hao hawakugawii gemu lenyewe. Lazima uwe na lile la asili, wao wanakupa mabadiliko tu. Hata uwanjani anayeleta jipya hutarajiwa kuujua kwanza mpigo wa zamani.

Miwani hiyo bado ni ghali. Bei yake haipishani sana na ya ng'ombe, na ng'ombe Usukumani si mnyama wa kuuzwa kwa mchezo. Lakini hata ikishuka bei, ina kasoro ambayo mila yetu inaiona haraka: humfunika mtu uso na kumwacha peke yake kati ya watu. Banda likija kuinunua, na picha iende kwenye luninga ili benchi lione anachokiona aliyevaa. Mchezo usio na watazamaji, Kisesa haujawahi kuhesabiwa mchezo.

Wapo watakaosema nimepaka bunduki asali. Hofu yao naijua, na sehemu yake ni ya haki. Mtoto anatoroka shule kwenda bandani. Mwingine anawekea dau pesa aliyotumwa dukani. Na kumlenga mtu risasi, hata wa kwenye kioo, si jambo la kumfurahisha mzazi. Hata hivyo ngoma nazo zilibeba visu, nyoka na dawa za kutisha, na waliozilea hawakuzifuta. Walizisimamia. Uwanjani kulikuwa na mzee aliyejua nani kafundwa na nani bado, wimbo upi unaimbika mbele ya wakwe na upi hauimbiki. Bandani mzee hayupo. Hapo ndipo tulipokosea: tumewaachia vijana uwanja mzima, kisha tukawalaumu kwa kucheza bila adabu.

Wala hatuwezi kusema teknolojia hii si ya watu kama sisi. Mwaka 2015 kampuni ya Black Division Games ya Kenya ilitoa Nairobi X, gemu la kulenga shabaha ambalo wavamizi kutoka anga za mbali wanashukia Nairobi, na mchezaji anaulinda mji anaoufahamu. Kama mitaa ya Nairobi imeingia kwenye gemu, kilima cha Bujora kinashindwa nini?

Basi nina ombi, na si la gharama. Walimu wa kompyuta wa sekondari za Kisesa na Magu, Doom haihitaji mashine mpya. Kompyuta iliyotupwa stoo inaiendesha. Upo mradi uitwao Freedoom unaotoa picha, sauti na ramani huru bila malipo, na programu za kuchorea ramani nazo ni za bure. Muhula mmoja unatosha kwa wanafunzi kujenga ramani ya Bujora: mawe yake, jengo la watemi, mashimo ya nungunungu. Badala ya mapepo ya Texas, wawekeni wanyama ambao mababu waliwawinda. Sauti za ngoma zirekodiwe na wanafunzi wenyewe kutoka kwa wapigaji wa kweli, kwa idhini yao, na yale ya siri ya Bagika na Bagalu yabaki ya siri. Kisha ziunganishwe kompyuta 4 kwa waya, wanne wacheze upande mmoja, na benchi liwe wazi kwa wote.

Nanyi wazee wa makumbusho, siku ya Bulabo watafutieni vijana hao pembe moja ya uwanja. Wasipovuta watu, umati utawaambia bila kusema neno, kama ulivyowaambia wengi kabla yao. Wakivuta, wahesabuni kuwa wachezaji. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kutunza huko ni kazi yetu sisi tunaotazama. Mzazi unayesoma haya, kabla hujamfokea mwanao kesho, nenda bandani, kaa benchi, uliza zamu ni ya nani, na utazame mchezo mpaka uishe.