Lisp: neno lile lile, maana tofauti

Wadau, kama unajifunza Lisp kwa masomo unayoyashusha mtandaoni, shika hili mapema: Lisp siyo lugha moja, ni ukoo. John McCarthy aliianzisha 1958 kule MIT, Marekani. Scheme ikaja 1975, Clojure 2007. Zote zimejaa mabano, ndo maana mtu anadhani sheria ni zile zile. Wapi!

Chukua orodha tupu, yaani mabano yasiyo na kitu ndani. Ukiipima kwa "if", Common Lisp inasema si kweli. Scheme ya leo na Clojure zinasema kweli! Neno "do" nalo: Common Lisp na Scheme linarudia kazi mpaka sharti litimie, Clojure linapitia maagizo mara moja tu.

Ubaya ni kwamba kwenye orodha tupu kompyuta haikuonyeshi kosa lolote. Programu inakwenda, ila imeshika njia nyingine, na dakika zako za kafe zinakatika.

Kwa hiyo kabla ya kukopi, angalia ni Lisp ipi. Halafu uliza waziwazi kama orodha ni tupu: "null" kwa Common Lisp, "null?" kwa Scheme, "empty?" kwa Clojure.