Usimrithishe mtoto kisasi cha baba



Zaidi ya miaka 400 iliyopita Mwingereza William Shakespeare aliandika tamthilia iitwayo Hamlet, habari ya nyumba ya kifalme ya Denmark. Mfalme anauawa kwa sumu na ndugu yake mwenyewe. Muuaji anakalia kiti chake na kumwoa mjane. Kisha mzimu wa marehemu unamtokea mwanawe, Hamlet, na kumwagiza alipize kisasi kwa baba yake mdogo.

Ondoa taji na ngome, utaona kisa hicho hakiko mbali na kwetu. Matanga hayajaisha, baba mdogo ameshaanza kupima shamba la marehemu kwa hatua. Jioni kijana anaitwa pembeni na kunong'onezwa: "Wewe ndiye mwanaume wa nyumba hii. Unamjua aliyemmaliza baba yako."

Hamlet aliubeba mzigo huo. Kabla pazia halijafungwa, watu 8 wamekufa. Wa kwanza ni mzee Polonius, aliyechomwa upanga kwa kudhaniwa ni mfalme. Binti yake akarukwa na akili, akafa maji. Mwanawe naye akaja kudai damu ya baba yake. Mwishowe mfalme, malkia na Hamlet wote wamelala chini, na kiti kinachukuliwa na mwana wa mfalme wa nchi nyingine. Kisasi kilimwendea mkosaji mmoja, kikaimaliza nyumba nzima.

Sasa twende Songea, eneo la Mahenge, kwenye Makumbusho ya Maji Maji. Hapo wamezikwa viongozi na wapiganaji wa Kingoni walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, akiwemo Nkosi Mputa Gama, na pia mwanamke mmoja, Nkomanile. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, alinyongwa katika siku hizo hizo.

Kanisa nalo lilikuwa na wafu wake. Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na misheni ya Peramiho ikachomwa moto. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa kamba, kisha kwa kuteketeza mashamba na maghala. Makadirio ya waliokufa katika vita ile hufika watu 300,000, wengi wao kwa njaa. Waliofanya hayo waliyaita adhabu. Mtoto aliyekufa njaa akiwa mgongoni mwa mama yake hakuwa amemuua askofu yeyote.

Wazee wa ukoo wa Mbano wanasimulia kwamba kichwa cha nduna kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mpaka leo wanakitafuta. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na familia hiyo na kuomba msamaha. Aliahidi kusaidia kutafuta, bila kuahidi kwamba kitapatikana.

Msomaji wangu, sikiliza vizuri wanachodai watu hawa. Hawadai kichwa cha Mjerumani. Wanadai kichwa cha babu yao, wakizike.

Biblia ina mama anayefanana nao. Soma 2 Samweli sura ya 21. Wagibeoni, waliotendewa unyama na Sauli, walidai wana 7 wa nyumba yake, wakawatundika mlimani. Wawili walikuwa watoto wa Rispa. Rispa alitandika gunia juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, mchana akifukuza ndege, usiku akifukuza wanyama. Hakushika upanga. Wala hakurudi nyumbani akajifanya yamekwisha. Habari zake zilimfikia Daudi, naye akaikusanya mifupa ya Sauli, ya Yonathani na ya wale waliotundikwa. Na Maandiko yanasema kwamba baada ya mazishi hayo ndipo Mungu alipoyasikia maombi kwa ajili ya nchi.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba kuna njia mbili tu: kulipiza, au kunyamaza na kuita ukimya huo msamaha. Rispa anatuonyesha ya tatu: kukaa na ukweli hadharani, bila kumwaga damu, mpaka mwenye mamlaka aone aibu na kutenda haki. Mtume Paulo, katika Warumi 12, anapotukataza kujilipizia kisasi hatuagizi tusahau. Anatuagiza tumwachie Mungu hukumu, na adui akiwa na njaa tumlishe.

Basi kama nyumbani kwako kuna kaburi lenye maswali, itisha kikao cha ukoo. Mwite paroko au mchungaji. Shamba la yatima likiwa limechukuliwa, nenda kwenye baraza la ardhi, useme kweli mbele ya watu. Hayo yote Mkristo anaruhusiwa kuyafanya, tena anapaswa.

Ila yule kijana usimwite pembeni jioni. Mwambie baba yake alikuwa nani, alilima nini, alipenda wimbo gani kanisani. Mwache arithi hayo.