Benzi au Bimma? Mlima wa stesheni ulinikata ngebe

Haya wapenzi wa michuma, wiki hii nawapeleka kwetu Rusimbi, Kigoma. Huku chuma cha Mjerumani si mgeni. Reli yake ilitufikia mwaka 1914, na meli ya Liemba ilitengenezwa kwao Papenburg mwaka 1913. Pale kijiweni ukisema gari la Mjerumani bovu, utahamishwa kiti.

Ubishi ulianza mjomba wangu, mfanyabiashara wa dagaa, aliponiita.

"Mjomba, wewe ndiye msomaji wa mambo ya magari. Nataka gari moja la kukodisha harusini. Nimeletewa mawili nichague. Angalia usinipoteze, hii ni hela ya dagaa ya miaka sita."

Yenyewe ni Benzi 230E, bodi ya W124 iliyoanza kutoka mwaka 1984, na BMW 520i, bodi ya E34 ya kuanzia 1988. Yote ya petroli, yote gia tano za mkono, na yote yamenizidi umri.

Mie bila kufikiri nikasema Bimma. Kisa? Hesabu ya farasi! Injini ya silinda 6 na valvu 24 iliyoingizwa kwenye 520i mwaka 1990 ina farasi 150. Benzi ina silinda 4, lita 2.3, farasi 136 tu. Ikiwa na kichujio cha moshi wanashuka hadi 132. Nikatamba kijiwe kizima.

Mjomba akacheka. "Twende tukaone mlimani."

Tukajaza watu watano kila gari, tukaanzia stesheni, kule chini karibu na ziwa, kupandisha kwenda Mwanga. Nikakamata Bimma. Gia ya tatu, mwendo wa harusi. Masikini, ikaanza kutetemeka kama inabembelezwa! Nikarudi gia ya pili, nikakanyaga mafuta, ndipo ikaamka na mlio mtamu ajabu. Ila kwa mruko ule, bibi harusi angeachana na shela lake. Nyuma yangu Benzi inapanda na gia ya tatu ile ile, kimya, kama haina habari.

Siri ni hii. Nguvu ya kuvuta ya injini hizi mbili inakaribiana sana. Tofauti ni pale inapofika kileleni: Benzi kwenye mizunguko 3,500 kwa dakika, Bimma mpaka 4,700. Halafu Bimma yenyewe ni nzito zaidi. Gia nazo ni kama hatua za mchukuzi mwenye dumu la mawese kichwani: mlimani anapiga fupi fupi, tambarare anatanua miguu. Bimma inataka hatua fupi ndipo ionyeshe ubabe. Benzi inavumilia hatua ndefu.

Msije mkasema naitukana Bimma. Tulipoelekea Ujiji, njia ikiwa wazi, niliivuta gia ya tatu mpaka ikaimba, nikaweka ya nne, Benzi ikabaki kwenye kioo. Kijana mwenye haraka zake hapo amefika.

Lakini msafara wa harusi una haraka gani? Mbele matarumbeta juu ya pikapu, akina mama wanacheza, gari linatambaa gia ya kwanza na ya pili. Hapo farasi 150 wanakula mafuta tu, kazi hawana.

Mjomba akachukua Benzi. Mie nimepata somo: ukinunua gari la zamani, usiishie kuuliza lina farasi wangapi. Uliza farasi hao wanaamka saa ngapi, na njia yako ikoje. Kabla hujatoa hela, jaza watu, lipeleke mlimani.

Bimma ilipata mteja mwingine. Kila ikipita kijiweni ikilia, washikaji wananitazama, nami natazama pembeni. Roho inaniuma kidogo, lakini hela ya dagaa imesalimika.

Alamsiki, tukutane wiki ijayo.