Athari za vizuizi vya UVIKO-19 Nachingwea na Ruangwa

Athari za vizuizi vya UVIKO-19 Nachingwea na Ruangwa ni mabadiliko ya kijamii na kiuchumi yaliyozipata wilaya hizo mbili za mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania, kuanzia Machi 2020. Wakazi hawakuwekewa amri ya kubaki majumbani. Masoko, misikiti na makanisa yalibaki wazi. Vizuizi viliwafikia kupitia shule zilizofungwa nchini na biashara iliyokwama ng'ambo.

Uchumi wa wilaya hizi hutegemea korosho, ufuta na mbaazi. Korosho ghafi huenda hasa India na Vietnam, na China ni mnunuzi mkubwa wa ufuta. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, mkulima hukabidhi mazao kwa chama cha msingi, nayo huuzwa mnadani chini ya chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Halipwi siku anayokabidhi gunia, bali mnunuzi akishalipa. India ilipofunga shughuli zake tarehe 25 Machi 2020, msimu wa korosho ulikuwa umepita. Ufuta ndio uliokuwa unakaribia kuvunwa. Wanunuzi wakipungua mnadani, bei hushuka. Usafirishaji ukikwama, malipo nayo huweza kuchelewa. Hasara hiyo haiishii kwenye ufuta, kwa kuwa wakati huo fedha zake zililipa madeni na pia zilinunua salfa ya kupulizia mikorosho ya msimu uliofuata.

Tarehe 17 Machi 2020 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, aliyekuwa pia mbunge wa Ruangwa, alitangaza kufungwa kwa shule. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, wengine tarehe 29 Juni. Masomo ya redio na televisheni hayakuwa na faida kubwa kwa kaya isiyo na umeme wala redio. Hatari kubwa zaidi ilikuwa kwa wasichana: aliyepata ujauzito hakuruhusiwa kurejea shule ya serikali, na katazo hilo liliondolewa Novemba 2021 tu.

Michezo nayo ilisimamishwa, ikiwemo Ligi Kuu, ambamo Namungo ya Ruangwa ilikuwa katika msimu wake wa kwanza. Februari 2021 timu hiyo ilizuiwa Angola baada ya baadhi ya watu wa msafara wake kukutwa na virusi. Mechi zote mbili dhidi ya Primeiro de Agosto zikahamishiwa Dar es Salaam.