Mfundishe Mtoto Habari za Minara ya Taa

Mtoto wa askari huuliza mapema: "Mbona baba halali nyumbani leo?" Jawabu jema limo katika historia ya minara ya taa, ile iwaongozayo mabaharia usiku. Hata mtoto wa miaka sita aweza kuifahamu akisimuliwa polepole.

Anzia Misri. Katika kisiwa cha Pharos, mbele ya mji wa Iskanderia, ulijengwa mnara wa mita mia moja hivi, yapata mwaka 280 kabla ya Kristo. Baada ya karne nyingi uliangushwa na mitetemeko ya ardhi.

Kisha msimulie habari za mwamba wa Eddystone, kusini-magharibi ya Uingereza. Henry Winstanley aliwasha taa yake huko mwaka 1698. Dhoruba ya mwaka 1703 iliuchukua mnara, naye mwenyewe akiwa ndani. Mnara wa John Rudyerd uliofuata ulijengwa kwa mbao nyingi, ukaungua mwaka 1755. Ndipo John Smeaton alipojenga kwa mawe, akiiga shina la mti: chini nene, juu jembamba. Kila jiwe lilichongwa lishikane na jirani yake. Hapa mwambie mtoto afumanishe vidole vya mikono miwili, nawe ujaribu kuvitenganisha. Atacheka, lakini hatasahau. Mnara huo uliwashwa mwaka 1759 kwa mishumaa 24 tu. Ulidumu zaidi ya miaka 120, na hata ulipoachwa, kilichokuwa kimeliwa na mawimbi ni mwamba, si mnara.

Usiku ukiingia, washa mshumaa mezani, ukae karibu. Weka nyuma yake kifuniko cha kopo kinachong'aa. Mtoto ataona mwanga ukielekea upande mmoja kwa nguvu. Mfaransa Augustin Fresnel alipita hapo: mwaka 1823, katika mnara wa Cordouan, vioo vyake vilikusanya miali ya taa na kuipeleka mbali baharini.

Mwisho, chukua kurunzi. Mulika mara mbili, pumzika. Kisha mara tatu. Mtoto ataje ni mnara upi, kwani kila mnara una namna yake ya kumulika, ili nahodha ajue alipo.

Siku hizi minara mingi hujiwasha yenyewe. Zamani, walinzi walikesha zamu kwa zamu ili taa isizimike, na mabaharia wasiowajua wakapita salama. Mtoto akiuliza tena habari za baba, mwambie: leo ni zamu yake ya kuilinda taa.