Kilakala: Chenye Bei Hakilali Mferejini

Ukitaka kujua kitaa kinaamini nini kuhusu mazingira, achana na mabango. Subiri masika ikandamize usiku mzima, halafu asubuhi shuka kwenye mfereji wowote wa Kilakala ucheki kilichobaki. Chupa za maji hola. Za soda za plastiki hola. Masela wenye viroba mgongoni wamepita nazo alfajiri, wewe bado unakoroma. Kilichobaki ni pampasi zilizovimba maji, vifuko laini vya nailoni, kandambili ya mguu mmoja, rasta zilizofumuliwa, na tope jekundu la kutoka juu mlimani. Chenye bei kimeondoka. Kisicho na bei kinangoja mvua ijayo ikisukume hadi mto Ngerengere, kisha Ruvu, kisha Bagamoyo. Morogoro tunajisifia mji kasoro bahari, ila uchafu wetu baharini unafika bila nauli.

Niseme mapema ninachoamini. Ile stori ya "vijana wana mwamko, wazee hawaelewi kitu" ni fiksi. Na ile ya "vijana wameoza, wazee ndio walijua kutunza" nayo fiksi vilevile. Hizo ni za kusemea kwenye semina ili watu wasaini posho waondoke. Hapa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, dogo na babu wanafikiri sawa kuliko wao wenyewe wanavyojua. Wote ukiwaletea habari za mazingira wanakuuliza kitu kimoja: nani analipa?

Chukua kijiweni kwanza. Msamiati masela wanao. "Mabadiliko ya tabianchi" wanaitamka bila kung'ata ulimi, wameifanyia mtihani darasani na wameivaa kwenye tisheti za bure. Mwulize boda yeyote njia ya kwenda Bigwa, atakumwagia: ukataji miti, moshi wa viwandani, ozoni (ozoni huwa anaichomeka popote, haina shida). Mwulize sasa yeye anafanya nini. "Bro, tabianchi itanilipia kodi?" Chumba kapanga, pikipiki ya mkataba, jioni bosi anataka hesabu yake. Unamwambia apande mti, ataupanda wapi, kwenye tairi? Kwa Waluguru ardhi inapita upande wa mama, na kama wajomba hawajakukatia kipande huko juu, wewe huna hata udongo wa kujaza ndoo. Watu wanawalaumu vijana hawapandi miti, wakati ua wanamoishi ni wa mama mwenye nyumba, na mama mwenye nyumba keshaupiga sakafu wote.

Ukihamia kibarazani kwa wazee, tabianchi hutaisikia hata mara moja. Wanasema vuli imeasi. Wanasema zamani ukungu ulikuwa unashuka hadi huku kwenye nyumba, siku hizi unaishia kwenye minara ya kilele cha Bondwa. Kalenda yao ni maharage na migomba, siyo makongamano. Wapo wanaosema mvua imekata kwa sababu watu wameacha matambiko, wanakukumbusha mzimu wa Kolelo na pango lake upande wa pili wa mlima, na hapo vijana wanaangua kicheko. Ila babu huyohuyo atakuonyesha kwa kidole korongo lililokuwa na maji mwaka mzima, atakwambia na jina lake. Simu ya dogo haina hiyo data.

Siku moja nilikaa darajani na mshkaji anayeokota chupa. Kazi yake watu wanaichukulia poa, lakini ina ufundi. Anafungua kifuniko kwanza, kwa sababu chupa yenye kifuniko inabaki na hewa na inajaza kiroba kabla ya uzito. Anamwaga kilichomo, anaikanyaga kwa kisigino, paa! Nyeupe huku, za rangi kule. Vifuniko vina mfuko wake, ile ni plastiki nyingine na bei yake nyingine. Mnunuzi wa skrepa naye si mtoto: kabla hajaning'iniza kiroba kwenye mizani anakitikisa, asikilize kama kuna mchanga. Wapo wajanja wanaotia mchanga, na yeye wakati wake alikuwa mjanja zaidi yao.

Akapita mzee mmoja, jirani yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umepata leo?"

"Kiasi tu babu. Mvua imesomba nyingi."

"Sisi vichupa hivi hatukuwa navyo. Tunashuka mtoni, tunakunywa."

"Nikinywa hapa leo si mtanikuta nimelazwa?"

"Na nani kayachafua?"

"Sasa babu, huko juu nani kalima mpaka kwenye kingo za mto? Mimi shamba ninalo?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Huyu mtoto mshenzi huyu," akaenda zake. Na wote wawili wako sahihi. Pampasi ni zetu sisi wa chini. Tope ni lao wa juu. Maji yanachanganya yote, yanapeleka mbele.

Kuna watu wanashangaa kwa nini wazee wa Uluguru ukiwatajia uhifadhi wa ardhi wanakukazia macho. Hapo inabidi urudi nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza alileta mpango wa kuokoa udongo wa mlima huu. Wazo lenyewe halikuwa bovu: mlima umesimama wima, mvua ni kubwa, udongo unashuka. Akasema watu wachimbe matuta ya ngazi. Ila hakuomba, alilazimisha. Ukigoma unashtakiwa. Tena ukichimba ngazi kwenye mteremko mkali, udongo mzuri wa juu unafukiwa, ule mfu wa chini ndio unatokeza, mazao yanadorora. Juu ya hapo watu wakashtukia dili: wakaona wanatengenezewa ardhi ili baadaye wanyang'anywe. Julai 1955, huko Matombo, mtiti ukalipuka. Umati ukalianzisha, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukafa nao. Babu aliyevuka themanini leo, wakati huo alikuwa dogo wa kuchunga mbuzi, na kwao nyumbani jambo hilo halikuwa historia ya kitabu. Kwa hiyo akija afisa na shati lake lililopigwa pasi, akasema "wananchi, tuchimbe makinga maji", mzee anasikia kiboko kabla hajasikia maji.

Halafu sikia hii. Miaka 50 na ushee baadaye, mashirika ya CARE na WWF yakaja mlima uleule, upande wa Kibungo, na wazo karibu lilelile: matuta, fanya juu, fanya chini, miti, nyasi. Tofauti moja tu. Safari hii mkulima analipwa. Waliotoa mkwanja ni DAWASCO, waliokuwa wanasambaza maji Dar, na Coca-Cola, kwa sababu wote wanategemea Ruvu na Ruvu inaanzia kwenye makorongo haya. Na watu wakachimba! Waluguru walewale ambao baba zao waligoma mpaka damu ikamwagika. Kumbe mlima haukuwa unachukia matuta. Ulikuwa unachomoa kufanya kazi ya bure kwa faida ya mtu anayeishi mbali.

Tatizo la mradi ni kwamba una tarehe ya kuisha na shamba halina. Oktoba 2022 Ruvu ilinywea, Dar wakatangaziwa mgao wa maji, mitandao ikawaka. Watu wa Sinza na Mbezi wanapiga picha madumu. Huku kibarazani mzee kasikia redioni, akauliza hivi hao wa Dar bili zao za maji wanalipa kwa nani. Sikuwa na jibu la kumpa babu wa watu.

Katazo la rambo ndilo linaonyesha vizuri vijana na wazee walivyopishana. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa stop nchi nzima. Kwa bibi hakikuharibika kitu, alitoa tu kikapu chake cha ukindu nyuma ya mlango akaenda sokoni kama kawaida. Waliolia ni madogo. Sokoni kulikuwa na watoto wanaishi kwa kuuza rambo mojamoja, ndio ilikuwa daftari na sare ya shule. Hakuna aliyewauliza. Wakahamia kwenye mifuko mbadala, mtaji mkubwa faida kiduchu. Na vile vifuko laini ambavyo vilitakiwa viwe vifungashio tu vya karanga na mboga, leo ukienda Soko la Chifu Kingalu vinafanya kazi ya rambo mchana kweupe. (Pombe za viroba nazo zilipigwa marufuku Machi 2017. Hiyo moja mifereji ilishukuru, na maini ya watu yalishukuru zaidi.)

Pampasi ndiyo ngoma ngumu. Haina mnunuzi, haiozi, na gari la taka vichochoro vingine haliingii. Bibi anamwambia mjukuu wake arudi kwenye nepi za kitambaa. Mjukuu anamjibu kwa adabu zote, "Bibi, nepi nane kwa siku, ndoo mbili za maji, nafua saa ngapi na saa kumi na moja alfajiri niko stendi nauza chai?" Hapo ukimuita huyo binti mchafuzi wa mazingira unazingua. Hajachagua pampasi kwa kuwa haipendi dunia. Kainunua kwa sababu inamrudishia saa mbili za siku yake.

Jikoni vijana wanaonekana wasafi zaidi, ila sababu ndizo zilezile. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, shabaha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Nenda geto la msela yeyote Kilakala utakuta kamtungi kadogo ka gesi chini ya meza. Hajakanunua kuokoa msitu, kakanunua kwa sababu chumba kimoja hakina pa kuweka jiko la mkaa na yeye anataka chipsi mayai fasta. Bi mkubwa anayo gesi vilevile, zawadi ya mtoto aliyeko Dar. Anachemshia chai. Maharage yanarudi kwenye mkaa wa kopo, kwa sababu maharage ya saa tatu yakimaliza mtungi, buku ishirini na kitu ya kuujaza tena atatoa wapi? Mkaa unanunua wa jero, wa buku, kadiri mfuko unavyoruhusu.

Wakati pekee nilioona dogo na babu wametulia pamoja bila kubishana ni Desemba 2023, mlima Hanang' ulipomeguka. Tarehe 3 tope na mawe vilishuka mji wa Katesh asubuhi, watu wakafunikwa. Vijana walikuwa wanacheki klipu, wazee wameinama juu ya simu hiyohiyo, na mmoja akauliza, "Huko nako walilima mpaka juu?" Wataalamu walikuja kusema kipande cha mlima kilinyonya maji kikashindwa kujibeba. Kila mtu pale akageuka kuangalia kilele chetu cha Lupanga. Masika iliyofuata Waziri Mkuu aliliambia Bunge, Aprili 2024, kwamba mvua zimeua watu 155 nchini. Baada ya hapo kuna nyumba za kule miinukoni zilishushwa bei ya pango. Masela wakahamia humohumo, kwa kuwa ni za bei chee.

Siku hizi mlima wenyewe nao umeanza kupata bei. Kuna vijana wanapandisha wageni Morningside, kwenye lile jumba la Mjerumani, na wengine mpaka kileleni Lupanga, ndani ya hifadhi iliyotangazwa 2008. Hao hutasikia wanatupa chupa njiani, mgeni akiona uchafu anaandika mtandaoni na wiki ijayo huna mteja. Njia inakatiza mashambani, na juma lililopita nilipanda nao kidogo. Kwenye kivuko cha kijito tukamkuta bibi analima kabichi, jembe linagonga mpaka kwenye maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli ya kudumu au inayoweza kuharibu mazingira ya mto. Dogo mwenye wageni akamsalimia, akapiga magoti kabisa, halafu akamwambia taratibu kwamba maji yakiwa ya tope wageni hawapigi picha.

"Wamekulipa ngapi hao?" bibi akauliza.

Dogo akakuna kichwa.

"Unapita shambani kwangu kila siku na watu wako. Mimi nisipolima hapa nitakula picha?"

Pakawa na majadiliano marefu ya Kiluguru ambayo wageni walidhani ni ugomvi. Mwisho dogo akachomoa buku mbili. Bibi akazifunga kwenye pindo la kanga, akashika jembe, akahesabu hatua tano kutoka kwenye maji na kuchora mstari. Hapo halimi msimu huu, akasema. Hatua ya sita watazungumza siku atakapoleta wageni wengi zaidi ya hawa wawili.